Nyakabere: Rido, mto na mukeka bila sindano

Wakaaji wa Uvira wanajua maana ya kufunga vitu haraka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubeba nyumba za watu. Mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda, yakaingia ndani ya nyumba zilizo karibu na ufuko. Februari 2025, vita ilipofika Bukavu, familia nyingi zilishuka hadi Uvira kutafuta usalama. Kila mara wamama walifunga vyao ndani ya kitenge na kuondoka.

Mama mmoja mhami aliyepokelewa na jamaa Nyakabere alipewa chumba kimoja, yeye na watoto wake. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba binti yake mkubwa hakuwa na mahali pa kubadilisha nguo bila wadogo zake kumwona. Jirani alimshauri akate vitenge vyake viwili, ampelekee fundi mwenye mashine awatengenezee rido. Mama alikataa. Pesa ya fundi hakuwa nayo, na zaidi ya hapo, kitenge kikishakatwa hakibebi tena mtoto mgongoni siku ya kukimbia.

Basi alikitundika kizima. Namna yake ni rahisi. Chukua kijiwe laini cha ufukoni, kikubwa kama mbegu ya avoka. Kiweke ndani ya pembe ya kitenge, kisha zungushia kamba chini yake na ukaze. Kijiwe kinazuia kamba kuteleza, na kitambaa hakitobolewi. Fanya hivyo pembe ya pili, halafu katikati, ili kisilegee. Kamba hizo unazifunga kwenye kamba ndefu iliyovutwa toka ukuta mmoja hadi mwingine. Kitenge cha yadi 2 kina urefu wa karibu mita 1 na sentimita 80, kinamficha mtu mzima aliyesimama. Viwili vikikaa pamoja vinagawanya chumba kidogo.

Mto wa kulalia nao hauhitaji uzi. Kunja nguo ambazo hazivaliwi siku hiyo, zipange katikati ya shuka nzee, zizungushie, kisha funga ncha mbili kama pipi. Mchana unakuwa mto wa kuegemea mgeni anapokuja, usiku wa kulalia. Siku ya kuhama, mzigo umekwisha kufungwa.

Tisheti zilizochakaa ndizo za kukata, maana hazina kazi nyingine. Zikate vipande vyembamba vyenye urefu wa kiganja. Omba kwa wavuvi kipande cha wavu mzee wenye matundu yanayopitisha kidole, ufunge kila kipande kwa fundo moja, tundu kwa tundu, mpaka wavu usionekane. Watoto wanaweza kuifanya kazi hiyo jioni. Mukeka huo ni laini, na miguu haigusi saruji baridi.

Lakini kuna mambo ya kuangalia. Rido isikae karibu na imbabula wala mshumaa, kwa sababu kitambaa kinashika moto kwa dakika moja. Chandarua kibaki chandarua. Malaria haijaondoka ufukoni. Na kwa kuwa kipindupindu kinarudi Uvira mara kwa mara, vitambaa vinavyoguswa na mikono mingi vifuliwe kwa sabuni na kukaushwa juani. Vilivyofungwa kwa fundo vinashushwa na kurudishwa bila shida.

Katika nyumba nyingi za Uvira, mgeni hukaribishwa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa kilichodariziwa. Mhami aliyeacha viti vyake nyuma bado anaweza kupanga chumba chake, na mwenyeji wake haachiwi ukuta ulioharibika. Yule binti leo anabadilisha nguo nyuma ya rido, na kitenge cha mama yake bado ni kizima.