Kazi ya Kwanza ya Kompyuta: Tudor na Hamburg

Kijana anayemaliza shahada ya kompyuta pale Tudor, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, huanza kutafuta kazi kwa kusoma matangazo. Karibu kila tangazo linadai uzoefu wa miaka miwili. Ataupata wapi, na kila mwajiri anamtaka aje nao?

Hapa Hamburg, ninakofanya kazi, jibu lake limo kwenye sheria. Tangu 1997, Ujerumani ina uanagenzi rasmi wa usanidi programu. Kijana husaini mkataba na kampuni, akafanya kazi huku akisoma kwa kawaida miaka 3, na hulipwa tangu mwezi wa kwanza. Mwaka 2020 serikali iliweka kima cha chini, wakati huo euro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Mtihani wa mwisho husimamiwa na chemba ya biashara, si kampuni iliyomfunza.

Ninachokipenda zaidi ni daftari. Mwanagenzi wa timu yetu huandika kila wiki alichokifanya. Mkufunzi wake huketi naye, wakaifungua programu, akamuuliza kwa nini ameandika hivi na si vile, ndipo atie sahihi. Bila daftari hilo haruhusiwi kufanya mtihani.

Nasi tunalo daftari. Kila mwanafunzi aliyekwenda mafunzo ya kazini (attachment) Kenya analijua. Langu, katika ofisi moja ya mjini Mombasa, lilitiwa sahihi kurasa zote kwa mpigo siku ya mwisho. Nilikuwa nimebadilisha wino wa printa na kuingiza data; programu sikuigusa. Nauli ya matatu alinipa mama.

Uanagenzi wa Ujerumani una ugumu wake: bila Kijerumani kizuri huupati. Na vijana wa nyumbani wana kitu ambacho wenzao wa huku huchelewa kukipata. Anayemuunganishia mwenye duka malipo ya M-Pesa kwenye hesabu zake hukaa na mteja ana kwa ana, hujua pesa zimekwama wapi, na hupigiwa simu usiku mfumo ukizima. Huo ni uzoefu wa kazi, uandikwe kwenye wasifu bila haya. Asiye na pa kuanzia aende Swahilipot Hub, kituo cha vijana kilicho jirani na Fort Jesus mjini Mombasa, akutane na wenzake.

Lakini bidii ya kijana peke yake haitoshi. Waajiri wa Kenya hutozwa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Kwa hiyo wazo la mwajiri kuchangia mafunzo si geni kwetu. Kampuni za kutoa mizigo bandarini, hoteli na hospitali za Mombasa zote zinatumia programu. Kila moja imchukue mwanagenzi mmoja kwa mwaka mzima, imlipe walau nauli na chakula, na imkabidhi kwa mtu mmoja mwenye jukumu la kusoma kazi yake kila wiki. Mwaka ukiisha, atakuwa na uzoefu wa kweli, na kampuni itakuwa na mtu anayeijua kazi yake.