Kijiko Kilipoanguka

Asubuhi ile Kirumba ilinuka dagaa kama siku zote. Mdogo wangu, miaka saba, alikuwa anakunywa uji. Kijiko kikamponyoka. Nikamgombeza: "We, okota!" Wapi! Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umepinda.

Majirani hawakukosa la kusema. Eti kapigwa pepo. Wengine wakamnyooshea mama kidole: mkosi umetoka kwenye ukoo wake. Mama akanyamaza. Baba naye akatazama ziwa.

Kumbe ni kiharusi, na mtoto alikuwa na selimundu. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni, imekosewa herufi moja tu katika maagizo yake, kwenye kromosomu ya 11. Chembe nyekundu zikipungukiwa oksijeni hujikunja kama mundu, halafu hupasuka upesi. Himoglobini inayomwagika hunyonya naitriki oksidi, gesi inayoilegeza mishipa. Gesi ikipungua, mshipa hukaza. Miaka ikipita, kuta zake nazo hunenepa. Ubongo unakosa damu.

"Bana mpira wa maji kwa kidole," akaniambia. "Maji yanafanyaje?"

Yanaruka mbio. Ndivyo kipimo cha mawimbi ya sauti kichwani kinavyomtambua mtoto kabla hajaanguka: damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Sisi hatukukijua. Mwaka 2019, pale Bugando, ulianza utafiti wa kuwakinga watoto kwa dawa ya haidroksiurea, na kasi hiyo ikashuka.

Na yale ya mama? Kosa moja hutoka kwa mama, jingine kwa baba. Wazazi wawili wazima kabisa, kila mmoja na nusu yake. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne. Nusu hiyo humkinga mwenye nayo na malaria kali, ndiyo maana imeenea sana huku kwetu ziwani.

Mdogo wangu leo anaandika kwa mkono wa kushoto. Mimi mwezi jana nilipima: ninayo nusu. Yupo binti wa Nyakato, hajapima. Barua ya posa ninayo mfukoni, imeshaanza kuchakaa. Kesho napanda daladala nikamwambie kwanza, barua baadaye. Akinikataa, basi. Ila sitatazama ziwa watu wakimsema mke wangu.