Kilindini: Nambari Iliyojirudia

Leo mchanganyiko wetu wote unatoka mahali pamoja tu, Kilindini. Nilipita huko asubuhi kwa shughuli zangu, nikakwama nyuma ya foleni ya malori (foleni ya malori ya Kilindini, aijuaye ni aliyekaa ndani yake), na kichwa changu kikaanza kuzurura kama kawaida yake. Basi leo kuna neno, kuna historia, kuna hesabu kidogo, kuna kichekesho, na mwisho kuna jambo langu mwenyewe ambalo nimekaa nalo miaka bila kuliandika.

Haya, tuanze.

NENO LA LEO

Kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu. Kilindini, basi, ni penye kilindi. Wazee wetu hawakuhangaika kutafuta jina la kupamba, walitazama maji wakasema walichokiona.

Kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili. Ile ya mashariki, karibu na Fort Jesus, ni Bandari ya Kale ya Mji wa Kale, ambako majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Jahazi halihitaji kina kikubwa. Meli ya chuma yenye kubeba maelfu ya tani ndiyo inayohitaji, na ndiyo maana shughuli zikahamia magharibi, Kilindini. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza mwaka 1896, vyuma vilishushwa upande huu, na mwaka 1901 reli ikafika ziwani Kisumu.

Lakini Kilindini ni jina la watu pia. Wakilindini, Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa, na wakijumlishwa na Tisa Taifa unapata Taifa Kumi na Mbili za Waswahili wa Mombasa. Kwa hiyo mtu akikwambia yeye ni Mkilindini, usimuulize anafanya kazi gati namba ngapi. Mimi niliwahi kuuliza. Nilitazamwa kwa jicho ambalo silisahau mpaka leo!

Na kwa mliozaliwa juzi: Moi Avenue, ile ya pembe za ndovu, zamani iliitwa Kilindini Road. Wazee wengine bado wanaiita hivyo, na ukiwa dereva wa tuktuk ni bora ujue.

HISTORIA: WAVUNJA SIRI WA KILINDINI

Hii naipenda kuliko zote, na nashangaa kwa nini hatukuisikia shuleni.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto upande wa mashariki, Waingereza walikuwa na ofisi ya kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Ilikuwa tawi la mbali la Bletchley Park, kile kituo maarufu cha Uingereza alikofanya kazi Alan Turing. Ofisi hiyo ilianzia Hong Kong, ikahamia Singapore, kisha mapema mwaka 1942 ikakimbilia Colombo. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Kijapani zikaipiga Colombo. Waingereza wakaona hapakaliki. Manowari zao kubwa zikahamia Kilindini, na wavunja siri nao wakaja Mombasa na makaratasi yao.

Wakawekwa wapi? Shuleni! Ilichukuliwa shule ya Allidina Visram, iliyopewa jina la yule tajiri Mhindi aliyefungua maduka kutoka pwani hadi Uganda. Katika maandishi ya vita kituo hicho huitwa Kilindini tu. Hali haikuwa nzuri. Mombasa iko mbali na Japani, mawimbi ya redio yalifika yamechoka, na mengi hayakufika kabisa.

Hata hivyo ni hapa Mombasa ndipo JN-40 ilipovunjwa. Hiyo ilikuwa siri iliyotumiwa na meli za biashara za Kijapani. Wataalamu walidhani ni aina fulani ya siri, kumbe ni nyingine kabisa: maneno yaligeuzwa kuwa jozi za tarakimu kwa jedwali la vyumba 100, kisha tarakimu zikavurugwa kwa kuzipanga upya safu kwa safu. Mwezi Septemba 1942 Wajapani wakafanya kosa la kitabuni, na watu wawili, John MacInnes na Brian Townend, wakaingilia hapo. Kufikia Novemba walikuwa wanasoma ujumbe mpya kila unapoingia, pamoja na zile za zamani zilizokuwa zimerundikana. Ndani ya majuma mawili zaidi wakavunja nyingine mbili, JN-167 na JN-152. Mwaka 1943 wakafunga virago wakarudi Colombo.

Kwa nini mimi mwandika programu naipenda hadithi hii? Kwa sababu katika kazi ya siri kuna kanuni moja ambayo kila anayefundishwa huonywa: usirudie. Ukituma ujumbe uleule mara mbili kwa ufunguo uleule, umebadilisha kidogo tu, anayekusikiliza anaweka karatasi mbili pamoja na tofauti yake inamwambia kila kitu. Kufuli laweza kuwa madhubuti, lakini mtu aliyechoka saa nane za usiku anarudia, na mlango unafunguka.

Shikeni hilo, tutalirudia. (Hapa kurudia kunaruhusiwa.)

HESABU YA LEO

Ukikwama nyuma ya lori la kontena usikasirike, soma nambari yake. Kontena zote duniani zina herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho ambayo mara nyingi imezungushiwa kisanduku. Hiyo ya mwisho si sehemu ya nambari. Ni mlinzi.

Inapatikana hivi. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea, ila 11, 22 na 33 zinarukwa. Ya kwanza unazidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, hivyo hivyo mpaka ya kumi unayoizidisha kwa 512. Jumlisha, gawanya kwa 11, chukua baki. (Baki ikiwa 10, inaandikwa 0.)

Tujaribu CSQU305438. C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Jumla ni 13+60+112+256+48+0+320+512+768+4096, yaani 6185. Ukigawanya kwa 11 unabaki na 3. Kwa hiyo nambari kamili ni CSQU3054383. Karani akibadilisha tarakimu mbili kwa bahati mbaya, au akiandika 8 badala ya 3, hesabu karibu kila mara itakataa. Na 11 na ndugu zake zinarukwa kwa sababu ukigawanya kwa 11 zingepotea, kama hazikuandikwa.

KICHEKESHO

Februari 2012 meli iliyokuwa inasubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata mkongo wa TEAMS, ule uliofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah. Nchi nzima intaneti ikawa inatambaa. Wakati huo nilikuwa nakunywa kahawa chungu barazani Mji wa Kale, nikimweleza mzee mmoja kwamba mtandao umekatwa na nanga.

Akafikiri kidogo, akaniuliza: "Sasa nyinyi na elimu yenu yote, hamna mtu wa kushona nyavu?"

Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba ndivyo ilivyofanyika. Ilikwenda meli, ikavuta ncha mbili kutoka chini ya bahari, mafundi wakaziunga. Mzee alikuwa sahihi, ila hakujua bei ya uzi.

NA SASA JAMBO LANGU

Hesabu ile ya kontena sikuisoma kitabuni. Nilifundishwa na karani mmoja mzee, katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo jirani na bandari. Jina la ofisi tuliache. Karani sote tulimwita Babu. Mimi nilikuwa kijana, nimeajiriwa kuwaandikia programu ya kutoa hati za geti, ili waachane na vitabu. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Babu," akaitikia "Marahaba," akanivutia kiti, akachukua kalamu. "Mwanangu, wajua hii ya mwisho ni ya nini?" Akanifanyia hesabu nzima nyuma ya bahasha.

Programu ikamalizika, nikasifiwa sana. Kompyuta mbili, moja kwa Babu, moja kwa binti mmoja karani mwenzake. Kila hati ilipata nambari yake kutokana na tarehe na saa, mpaka sekunde. Nilijiona mjanja: sekunde ikishapita hairudi, kwa hiyo nambari haiwezi kujirudia. Babu akaendelea kuandika kila hati katika daftari lake kubwa kwa kalamu vilevile. Vijana tulimcheka chinichini. Na mimi nilicheka.

Baada ya miezi miwili hivi kukatokea kontena lililotoka getini kwa hati yenye sahihi ya Babu, lakini kwenye kompyuta halikuwepo. Nambari ya hati ile ilikuwa ya kontena jingine kabisa, la binti yule. Mkubwa wa ofisi akaniita mbele ya watu, akaniuliza kama kompyuta inaweza kukosea. Nikajibu kwa kiburi changu chote kwamba kompyuta haikosei, hufanya ilichoambiwa.

Jibu langu lilikuwa la kweli, na ndilo lililomponza mzee wa watu. Maana kama kompyuta haikosei, basi Babu ameghushi hati. Akaambiwa akae nyumbani, watamwita. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu. Alifunga daftari lake, akaliacha mezani, akatoka bila ya neno.

Usiku sikulala. Nikafungua msimbo wa programu, si kwa sababu niliushuku, nilitaka tu kujithibitishia kuwa sina hatia. Nilipoufikia ule mstari wa nambari ya hati nikaona. Sekunde hairudi, ni kweli. Lakini watu wawili wanaweza kubonyeza ndani ya sekunde moja! Na hifadhidata yangu ikipewa nambari iliyokwishakuwepo haikulalamika, iliifuta ya kwanza ikaandika ya pili juu yake.

Nikapiga hesabu. Ofisi iko wazi saa tisa, yaani sekunde 32,400. Kila mmoja akitoa hati 60 kwa siku, ni jozi 3,600 zinazoweza kugongana. Gawanya: mgongano mmoja kila siku tisa za kazi. Halikuwa jambo la bahati mbaya ya nadra. Nilikuwa nimejenga mashine ya kupoteza hati, na imekuwa ikifanya kazi kwa miezi miwili.

Sasa nikiri jambo. Ilikuwa saa tisa za usiku, na nilikaa mbele ya kioo nikifikiri kwamba kurekebisha ni mistari miwili tu. Naweza kurekebisha asubuhi, nisiseme, na hakuna atakayejua milele. Nilikuwa na mkataba wa kazi nyingine kutoka kwao. Wazo hilo halikupita haraka kama ninavyopenda kukumbuka. Lilikaa mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nilikwenda kwa mkubwa na karatasi yangu. Nikamwomba daftari la Babu. Tukalilinganisha na kompyuta, mstari kwa mstari, tukakuta hati nyingine tatu ambazo daftari linazo na kompyuta haina. Kila moja, ukitazama saa, kuna hati ya yule binti dakika ileile. Mkubwa alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo sitayaandika hapa, na mengi nilistahili. Ile kazi nyingine nikaikosa.

Babu nilimfuata mwenyewe nyumbani kwake. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nilipofika nikaanza, "Babu, kosa lilikuwa langu mimi..." nikaeleza yote, sekunde, kubonyeza, kufutika. Sijui alielewa kiasi gani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akaita ndani, nikaletewa mahamri na mbaazi, akakaa kunitazama nikila. Nilipomaliza akasema, "Sasa hiyo nambari yako haikuwa na ile ya mwisho?"

Haikuwa nayo. Kontena la chuma lina mlinzi, hati yangu ilikuwa haina.

Babu alirudi kazini, akamaliza mwaka wake, akastaafu. Daftari aliendelea kuandika na hakuna tena aliyecheka. Siku hizi kila ninapoandika kitu kinachotoa nambari naiambia hifadhidata ikatae inayojirudia, kwa kelele, na ninamwachia karani mahali pa kuandika yake kwa mkono wake.

Foleni ya malori imesogea. Kesho tukijaaliwa tutazungumzia kwa nini mwaka wa kompyuta huanzia 1970. Alamsiki.