Kamba ya upinde na futi ya mama

Najua nimeadimika, wengine mmeshaanza kuuliza kama nimegandishwa na baridi ya huku Kentucky. Sijaganda. Nilikuwa na mitihani, halafu nilikuwa na aibu. Leo nasimulia hiyo ya pili, maana mitihani haina hadithi.

Mnakumbuka nilijiunga na klabu ya mishale ya hapa chuoni. Kilichonivuta ni ualimu wenyewe. Jimbo hili ndilo lililoanzisha, mwaka 2002, mpango wa kufundisha watoto kulenga shabaha shuleni, ndani ya kipindi cha michezo, na tangu hapo umeenea majimbo mengi. Nikaona mwalimu mtarajiwa akiujua mchezo huu hatakosa kazi siku ya mazoezi ya kufundisha. Basi nikanunua upinde wa mtumba kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahitimu, dola 150.

Msifikirie upinde wa babu. Huu ni wa kompaundi, aina iliyobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri aliyepewa hataza mwaka 1969. Kila ncha ina gurudumu ambalo si duara kamili, wanaliita kamu, na hapo inapita kamba pamoja na kebo mbili. Ukivuta, mwanzo ni mzito, halafu karibu na mwisho unakuwa mwepesi ghafla. Wangu ni wa pauni 45, lakini nikishavuta mpaka mwisho nashikilia kama 9 tu. Raha tupu! Ila nguvu iliyobaki haijapotea, imebebwa na mikono ya upinde na zile kebo, na ukiachia inarudi yote kwa kupitia kamba. Hilo nilikuwa nalijua kwa maneno tu.

Oktoba, siku ya Jumanne, nikaona uzi mmoja umekatika pale kamba inapoingia kwenye kamu ya chini. Uzi mmoja kati ya 24. Jumamosi tulikuwa na mashindano ya kuchagua timu, mita 18, ndani ya ukumbi. Nikaupaka nta ule uzi ukalala vizuri, nikanyamaza. Jumamosi kocha akapita kukagua, akapitisha kidole pale pale, akaniangalia. Hakugomba. Alichukua upinde akauweka ukutani, akaniambia nikaokote mishale ya wenzangu. Kamba ikikatika umevuta, alisema baadaye, si wewe tu utakayeumia, kuna aliyesimama pembeni yako. Na mimi nataka kuwasimamia watoto thelathini! Niliokota mishale saa tatu nzima.

Basi nikaamua kununua kamba mpya, tena ya kuagiza, inayotengenezwa kwa kipimo chako. Hapo ndipo utamu. Unachagua nyuzi: kuna za Dyneema tupu, zina nguvu ajabu na zinarusha mshale kwa kasi, ila zikikaa kwenye mvuto muda mrefu zinarefuka polepole. Kuna zilizochanganywa na Vectran, hazirefuki ovyo, nikachagua hizo. Unachagua na idadi: nyuzi chache kamba inakuwa nyepesi na ya haraka, nyingi inadumu. Halafu rangi. Nikaweka kijani na njano, wana Simba msininunie. Muda niliotumia kwenye rangi, jamani, ningeutumia kwenye kipimo!

Maana kibandiko cha vipimo kwenye mkono wa upinde kilikuwa kimefutika. Mimi nikaivua ile kamba kuukuu kwenye mashine ya kubana upinde pale klabu, nikailaza mezani bwenini, nikatoa futi ya kushonea aliyonipa mama nilipoondoka Morogoro, nikapima, nikaagiza. Dola 100 na ushee.

Ilipofika ilikuwa ndefu kwa zaidi ya nusu inchi. Kamu hazikukaa mahali pake na upinde ukawa unavutika kama si wangu. Nikaupeleka kwa mzee mmoja fundi wa pinde hapa mjini. Akaniuliza nilipimaje. Nikamwambia. Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe kamba kuukuu imeshalegea kwa miaka, halafu nilipoivua ile misokoto yake ikafunguka ikarefuka zaidi. Wenzetu wanapima kamba ikiwa imevutwa kwa pauni 100, tena kipimo chenyewe wanakitoa kwenye jedwali la mtengenezaji kwa kutaja jina na mwaka wa upinde. Unaweza kuifupisha kidogo kwa kuisokota, lakini nusu inchi ni mbali. Na kitu kilichotengenezwa kwa kipimo chako hakirudishwi.

Sasa aibu yenyewe ni hii. Zile dola 100 zilikuwa za mdogo wangu. Anaanza kozi ya ushonaji Januari na nilimwahidi kuchangia cherehani. Nilijidanganya kwamba nitazirudisha kabla hajauliza. Akapiga simu wiki hiyo hiyo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu." Nikamweleza yote, nikijua nastahili matusi. Akakaa kimya.

"Yaani umepima nguo iliyokwishavaliwa ikalegea, halafu ukashonea mpya? Na futi ya mama?"

"Ndiyo."

"Mama asijue," akasema, tukacheka wote wawili, lakini yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

Yule mzee akanitengenezea kamba nyingine kwa bei ya nyuzi tu, nyeusi, sikudai rangi. Akanipa na masharti. Nikiona manyoya manyoya nipake nta, nisugue kwa vidole mpaka ipate joto iingie ndani, nifute inayobaki maana inakamata vumbi. Kwenye sehemu zilizozungushiwa uzi nisipake. Upinde nisiuache ndani ya gari wakati wa jua, joto linalegeza kamba. Halafu akachora alama ndogo kwa peni nyeupe kwenye kila kamu, mahali inapokutana na mkono wa upinde. Alama zikihama, kamba au kebo imerefuka, nirudi kwake.

Nazikagua kila jioni. Hazijahama. Nikitoka hapo nahesabu malipo ya kazi yangu ya maktaba: nimeshafikisha dola 62 za cherehani, na Januari hiyooo inakuja. Ile kamba ya Yanga nimeitundika juu ya kitanda. Mwenzangu wa chumbani anadhani ni pambo la Krismasi.

Ngoja nilale, nina kipindi saa 2 asubuhi.