Chamonix: theluji, milima na swali la kujiuliza kabla ya kupanda

Kila likizo ya Februari ikikaribia, wenzangu huniuliza wawapeleke wapi watoto wakaone theluji ya kweli. Huwa nawatajia Chamonix, Ufaransa, chini ya Mont Blanc. Kutoka uwanja wa ndege wa Geneva basi huchukua kama saa moja na robo. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya aombe viza ya Schengen mapema, hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza.

Mji uko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo tu kuliko Moshi, umebanwa na milima kushoto na kulia. Hapa ndipo ilipofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924. Na mwaka 1786 wenyeji wawili, Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard, walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Mont Blanc. Sanamu iliyowekwa mjini mwaka 1887 inamwonyesha Balmat na mwanasayansi de Saussure. Daktari alisubiri sanamu yake mpaka 1986. Sisi wa hospitali tumeshazoea.

Anayeanza kuteleza kwa ski ana miteremko ya chini kama Les Planards, na watoto hujifunza haraka kuliko wazazi, mtaaibika kidogo. Vallée Blanche, mteremko wa kilomita 20 hivi juu ya barafu yenye nyufa, ni wa wazoefu, tena pamoja na mwongozaji. Chama cha waongozaji cha hapa kipo tangu 1821. Kiangazi watu huja kutembea na kukwea miamba.

Lakini picha ambayo kila mtu anaitaka ni ya Aiguille du Midi. Unaingia kwenye kibanda kinachovutwa kwa nyaya, na baada ya dakika 20 hivi uko mita 3,842. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika Horombo, mita 3,720, siku ya pili, kwa miguu, mwili ukizoea polepole. Huku juu, kila pumzi inakupa oksijeni iliyo chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya Dar es Salaam. Mtu mzima mwenye afya huumwa kichwa, akaona kizunguzungu, akishuka yakaisha. Watoto wa chini ya miaka 3 hawaruhusiwi.

Mwenye selimundu ni habari nyingine. Oksijeni ikipungua, chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi na upungufu wa maji huzidisha. Hata mwenye kurithi upande mmoja tu, ambaye hajawahi kuumwa, anaweza kupata madhara ya wengu akijitaabisha kwenye miinuko mikubwa. Familia zetu nyingi zina ugonjwa huu, na kibandikoni pale penye tiketi hakuna atakayekuuliza.

Tulikwenda na kaka yangu na watoto wake wawili. Wa kiume, miaka 15, ana selimundu. Kliniki yake ilikuwa imeshatuambia: bondeni sawa, mita elfu mbili sawa akiwa na nguo nzito na maji ya kutosha, kule juu hapana. Kulijua ni jambo moja, kusimama kwenye foleni ukimwona dada yako anapanda ni jingine.

"Kwa hiyo shangazi, mimi ni wa chini tu?"

Nilimwambia tunapanda, ila kwa njia yetu. Tukachukua treni nyekundu ya Montenvers, inayokwea kwa gurudumu lenye meno tangu 1909, mpaka mita 1,913, juu kidogo ya Nairobi. Pale unatazama Mer de Glace, yaani Bahari ya Barafu. Karne ya 19 barafu ilijaa karibu na ukingo huo. Sasa unainamia korongo refu la mawe, na barafu iko chini mno. Kijana alitazama muda mrefu, kisha akaanza kuuliza: ni kina gani, itakwisha lini, nani anapima. Alimaliza chupa mbili za maji bila kukumbushwa.

Jioni dada yake alishuka amekunja uso, kichwa kinamgonga, chipsi hazitaki. Kaka mtu akamsogezea chai ya thermos, akala chipsi za wote wawili.