Programu Mpya, Folda ya Zamani



Wiki hii, katika ofisi ya parokia yetu huku pembezoni mwa Temeke, umeme ulikatika ghafla, na baada ya hapo programu ya barua pepe ikagoma kufunguka. Katibu aliiondoa, akaisimika upya, bado ikagoma. Humo zilikuwamo barua za miaka mingi, pamoja na uthibitisho wa ubatizo wa wachumba wanaongoja kutangazwa.

Thunderbird, tunayoitumia, huhifadhi barua na mipangilio katika folda ya mtumiaji, mbali na programu yenyewe. Ukiiondoa programu, folda hubaki. Ukiisimika upya, kwa kawaida huirudia folda ile ile pamoja na kasoro zake.

Kwanza tuliinakili folda hiyo kwenye flashi. Kisha tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, tukaandika thunderbird.exe -P, tukaunda folda mpya. Programu ikafunguka. Barua tukazirudisha kutoka katika nakala.

Wapo ambao, kwa hasira, huifuta folda ya zamani. Programu huenda ikafunguka, lakini barua zilizokuwa kwenye kompyuta pekee hupotea. Basi, wapendwa, nakilini kwanza, ndipo mfute.

Majina ya wachumba wetu yatasomwa Jumapili.