Kumlisha Mtoto Mjini Kampala

Nilipopewa likizo, nilimchukua binti yangu wa miaka sita, tukapanda basi kutoka Masaka kwenda Kampala. Adhuhuri nilimwingiza katika hoteli moja yenye vitambaa mezani. Nyama ililetwa ikiwa baridi, naye akainama asiiguse. Nikamkemea kama kuruta. Akanong'ona, "Baba, mimi sili nyama. Mama anajua."

Wenzangu mlio kambini mtaelewa jinsi neno lile lilivyonichoma. Fedha nilizotuma nyumbani kila mwezi hazikunifunza jambo hilo.

Tukapanda hadi soko la Nakasero. Mama mmoja alikuwa akifunua matoke yaliyoiva kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, na kando yake sufuria ya mchuzi wa karanga ikichemka. Wachukuzi walijaa mabenchini, dalili niiaminiyo kuliko kitambaa cha meza, kwani penye walaji wengi chakula hakilali. Tulinawa, tukaketi. Binti alimaliza sahani, akaomba nyingine.

Jioni, huko Wandegeya, tulisimama mbele ya mkaanga chapati za kuviringishwa na mayai, zile ziitwazo roleksi. Safari hii nilimwuliza kwanza.

"Bila kitunguu, Baba."